Umbali wa Jiwe

Kwetu Nairobi, Mbwa Kali ameandikwa getini
kwa rangi nyekundu, hata pasipo na mbwa.
Righa alijifunza kusoma kwa maneno hayo mawili.
Alikuwa na miaka minne, nimemshika mkono,
tunapita geti baada ya geti, naye anasoma:
Mbwa Kali. Mbwa Kali. Mbwa Kali.
Mbwa wenyewe tuliwasikia tu, sauti nyuma ya ukuta.
Naye huko orofa ya sita, kwenye dirisha la vyuma,
alikuwa sauti nyuma ya ukuta.

Nikapata kazi ya uuguzi Wete, mkataba wa miaka miwili.
Mama akaniuliza kutoka Wundanyi, "Huko ni ng'ambo?"
Nikamwambia ni ng'ambo, pasipoti imegongwa muhuri,
ingawa wenyeji wanasema Kiswahili,
tena changu wanakicheka, kwa adabu.

Jumamosi ya kwanza
nimeinama nafua, nainua kichwa: mtoto hayupo.
Viatu vipo.
Nilikimbia na povu mikononi hadi kwa Bi Mize.
Alikuwa anachambua karafuu, vikonyo huku, karafuu kule,
hata macho hakuinua.
"Kenda na wenziwe."
Kenda wapi?
"Kenda. Njaa ikimuuma atakuja."

Sikungoja njaa. Niliteremka bondeni,
kwenye mpunga uliokwisha kuvunwa,
nikawaona: Faki, Shaame, Tatu wa mwenye duka, na wangu,
na nyuma yao mbwa watano wa rangi ya vumbi,
mbavu zinahesabika, mmoja sikio limekatika,
mbwa wasio wa mtu.
Watoto wakisimama, mbwa wanasimama.
Watoto wakitimka, mbwa wanatimka.
Baina yao umbali uleule, usioandikwa popote,
umbali ambao jiwe la mtoto wa miaka saba
likirushwa, linaanguka kabla ya kufika.
Hakuna aliyelirusha.
Nilijibanza nyuma ya mnazi kama mwizi.
Nilitaka kuita.
Povu lilikuwa limekaukia vidoleni.

Siku nyingine alirudi goti limechubuka.
"Kanilamba, Mama! Yule wa sikio!"
Alikuwa anacheka, kisha akauona uso wa Faki.
Bi Mize akamvuta hadi bombani,
akachota udongo kiganjani, akaanza kuhesabu,
moja, na udongo wake, mbili, tatu,
taratibu, kama anayepima mchele wa watu.
Nilitaka kumwambia sisi si Waislamu,
lakini goti lilikuwa mikononi mwake tayari.
Nne. Tano.
"Basi mbwa ana kosa gani?" Righa akauliza.
"Hana kosa. Kuna kuosha tu."
Sita. Saba. Akampiga kikofi cha mgongo,
naye huyo, mguu unatiririka maji, kesharudi njiani.

Kisha ukaja mwezi ambao mbwa watano walibaki wawili.
Nyama yenye sumu, alisema mmoja. Gari, alisema mwingine.
Watoto hawakuniambia kitu.
Nilichoona ni kwamba kwa siku tatu walicheza kibarazani,
karibu karibu, wakigombana kwa sauti ndogo,
na usiku Righa aliniuliza kama ufunguo tunao.
Tunao. Ningali na kishada kizima cha Nairobi,
kinaning'inia msumarini, juu ya mtungi,
hakifungui chochote katika kisiwa hiki.
Siku ya nne viatu vilikuwepo, mtoto hayupo.

Mwezi wa sita mkataba unakwisha.
Sijui nitamwambiaje tena maana ya geti.

Jana jioni dada yangu Wakio kapiga simu.
"Huyo mvulana yuko wapi, nimsalimie?"
Nikatazama mlango. Uko wazi, kama ulivyoshinda.
"Sijui," nikasema.
Kimya upande wa pili. "Hujui?"
"Sijui, Wakio."
Na neno hilo, ambalo kwetu ningelisema
huku nikipiga mayowe ngazini,
lilitoka tu, kama mtu anavyotaja siku.
Bondeni mbwa mmoja akabweka, mara moja, bila hasira.
Nikatia chumvi kwenye mchuzi.
Nikaongeza sahani moja, kwa Faki.